Ng'ombe wa Mwalimu wa Baiolojia

Kabla ya kunywa maji, Mwalimu wa Baiolojia aliinua bilauri hadi usawa wa dirisha, akaitazama kwa jicho la kulia, kisha kwa la kushoto, halafu akanywa yote bila kupumzika. Nilimwona akifanya hivyo katika chumba cha walimu kwa miaka mingi, na siku moja nikamuuliza anatafuta nini humo ambacho macho matupu yanaweza kuona. Alinijibu kwamba hatafuti kitu, anawasalimia tu. Mimi nilikuwa nafundisha Kiswahili, na sikuwa tayari kunywa pamoja na watu nisiowaona, kwa hiyo nikabeba kikombe changu nikahamia meza ya pili.

Sitaeleza alizaliwa wapi wala ni wa ukoo gani. Kwetu Kilema hayo ndiyo huulizwa kwanza, na yakishajibiwa watu hudhani wamemaliza kumjua mtu. Mimi nilimjua kwa njia nyingine. Kihamba chake cha migomba na kahawa kilipakana na changu, katikati yetu ukipita mstari wa masale, yale majani marefu ya mpakani, na mfongo mmoja uliotuletea sote maji kutoka juu msituni. Shuleni, darasa lake na langu vilitenganishwa na ukuta wa mbao ambao haukuzuia neno lolote. Kwa hiyo nilimsikia mchana akifundisha na jioni akigombana na mbuzi, na ninachoandika hapa nimekisikia au nimekiona mwenyewe. Angekuwepo, hilo ndilo angeliuliza kwanza.

Shule yetu ilikuwa na hadubini moja, na haikuwa na umeme. Hadubini ile ilikuwa na kioo kidogo chini yake cha kunasa mwanga wa jua na kuupandisha kwenye lenzi. Ratiba ya masomo ilitungwa na mkuu wa shule, lakini Baiolojia ya vitendo ilipangwa na mawingu. Miezi ya baridi, mlima ulipofunikwa na mawingu hadi saa sita, Mwalimu alikaa darasani akifundisha kwa chaki huku shingo ikiwa imegeukia dirishani. Jua likitoka, aligonga ukuta wetu wa mbao mara moja, akaja mlangoni kwangu kuomba tubadilishane vipindi. Alinikuta katikati ya ngeli, au mwanafunzi akiwa amesimama anasoma insha, na hakuona aibu hata kidogo. Nilikuwa nakasirika sana. Nilimpa kipindi kila mara, nikanuna, naye akanishukuru mbele ya wanafunzi kwa adabu iliyozidi kuniudhi.

Hakuwahi kunishawishi nichungulie kwenye kile chombo. Alinialika mara moja tu, mwanzoni kabisa, nikasema macho yangu yanatosha kwa ya Mungu yanayoonekana. Alikubali jibu langu, na tangu hapo akawa ananitania kwamba mimi ndiye mtu pekee aliyeishi karibu na dirisha maisha yake yote bila kulifungua.

Somo lake la kwanza kwa kidato cha kwanza lilikuwa lile lile kila mwaka, na mimi upande wa pili wa ukuta nililijua kwa moyo. Alikata herufi moja kutoka kwenye gazeti, akaiweka chini ya lenzi, akawapanga foleni waangalie na kuchora. Hadubini ya namna ile hugeuza kila kitu. Kilicho kushoto hukionyesha kulia, na cha juu hukionyesha chini. Waliochora herufi ikiwa imesimama sawasawa, kama tulivyozoea kuisoma, walipata sifuri. Kisha aliwauliza kwa sauti ya upole iliyowaogopesha kuliko fimbo, "Umeona, au umeambiwa?"

Swali hilo lilimfuata kila mahali. Mtu akileta umbea kuhusu paroko, aliulizwa hilo. Mtu akisema bei ya kahawa itapanda msimu ujao, aliulizwa hilo. Aliliuliza hata msibani, kwa mzee aliyekuwa akieleza marehemu alivyokufa, na ndugu wa marehemu hawakumwalika tena kwao. Lilimpotezea marafiki wengi na nadhani alijua, lakini alikuwa kama mtu mwenye kikohozi, hakuweza kulizuia.

Kwa upande mwingine, nilimwona akitoa alama zote kwa msichana aliyechora duara moja nene jeusi na kitu kingine hakuna, wakati wenzake walikuwa wamechora seli nzuri za kitunguu zilizofanana na za kitabuni. Pembeni alimwandikia kwamba hicho ni kiputo cha hewa, si kitunguu, lakini amekiona kweli. Msichana yule alilia akidhani anachekwa. Baadaye nilisikia amekuwa muuguzi.

Sasa nisije nikawachorea mtakatifu. Alikuwa mtu mgumu, na mambo yake hayakulingana. Alihubiri maji ya kuchemsha kijiji kizima, akaenda nyumba kwa nyumba wakati wa mlipuko wa kuhara, akawatisha akina mama hadi wengine wakamkimbia. Halafu Jumapili mchana ungemkuta kilabuni akinywa mbege, ile pombe yetu ya ndizi na ulezi, kwa kata moja iliyopita midomo ya wazee wote. Nilipomwambia, alijibu kwamba mbege imepikwa na hao hao vijidudu wadogo wasioonekana, na yeye hawezi kunywa kazi ya mtu halafu amkatae mwenyewe.

Aliweza kuinamia tone moja la maji tangu chai ya saa nne hadi kengele ya mchana, lakini mzazi akichelewa kidogo kwenye miadi alikuta mlango umefungwa. Aliwaambia wanafunzi wasiamini wasichokiona, ila kanisani, kwenye sala ile ya imani, tulipofika kwenye kukiri vitu visivyoonekana, sauti yake ilipanda juu ya kwaya. Nilimuuliza kama hilo analiona au ameambiwa. Alifikiri kwa muda, akasema katika kanisa zima yeye ndiye pekee anayejua visivyoonekana ni vingi kiasi gani.

Hiyo ilikuwa miaka maduka ya Moshi mjini yalipoanza kujaa tena. Sabuni ilirudi, sukari ikarudi, nguo za mitumba zikatandazwa hadi barabarani. Wakati huo huo kahawa ikashuka, na watu wakaanza kuing'oa, wakapanda nyanya na maharage. Walimu wenzetu walianzisha tuisheni, mmoja akafuga kuku wa kizungu, mwingine akafungua duka la vifaa vya baiskeli. Mimi nilishona vitambaa vya makochi. Kila mtu alikuwa akitafuta injini, ya kusaga, ya pampu, ya pikipiki, na mazungumzo ya chumba cha walimu yalikuwa ni kuhusu nani ameleta mashine gani kutoka wapi.

Mwalimu hakung'oa mche hata mmoja wa kahawa. Siku moja ya soko alirudi kutoka Kwa Sadala amekumbatia redio mbovu. Nilifurahi kwa ajili ya mke wake, nikadhani amepata biashara ya ufundi. Jioni nilimwona barazani ameifumua, ameng'oa spika, na kutoka kwenye spika amechukua sumaku. Redio iliyobaki aliwapa kuku walalie.

Sumaku ile ilikuwa kwa ajili ya tope. Alikuwa ameshuka Kahe kumzika ndugu wa mke wake, na baada ya maziko, badala ya kukaa na wanaume wenzake, alienda kwenye mitaro ya kumwagilia mpunga, akachota tope la kingoni na maji yake, akalitia kwenye chupa kubwa ya asali. Alirudi nalo mlimani akiwa amelipakata, bado amevaa suti ya msiba. Chupa aliiweka kwenye chumba chenye giza nyuma ya jiko, akaiacha wiki nyingi. Kisha akaishikiza sumaku ubavuni mwa chupa, akasubiri, akanyonya tone moja kutoka pale sumaku ilipogusa, akaliweka chini ya lenzi.

Asubuhi iliyofuata aliingia chumba cha walimu akiwa hajachana nywele. Alisema maneno mawili tu, "Wanajua njia." Tulicheka. Baadaye alitueleza taratibu, tena kwa heshima kubwa, kwamba kuna bakteria wanaoishi kwenye tope, ambao ndani ya miili yao wamebeba chembe za chuma zilizopangwa mstari. Sumaku ikiwekwa upande huu, huogelea kuja upande huu. Ikihamishwa, nao hugeuka. Na kinachowasukuma ni mkia unaozunguka kweli kweli, kama parafujo, kwa hiyo kila mmoja wao ni injini kamili isiyo na tangi la mafuta. Inakula ilichokikuta majini na kuendelea na safari.

Alisema utafika wakati watu watatengeneza roboti ndogo kuliko vumbi, ya kuogelea mwilini mwa mgonjwa na kupeleka dawa pale ambapo sindano haifiki. Roboti hiyo itakosa injini, maana hakuna fundi mwenye vidole vya kuunda injini ndogo namna hiyo. Na injini zipo tayari, alisema, zimejaa matopeni Kahe. Kinachokosekana ni nira. Wakulima wa Kahe hufunga ng'ombe wawili kwenye nira wakavuta jembe, kwa nini hawa wasifungwe?

Kuanzia hapo akawaita ng'ombe wake. Mke wake, ambaye kila siku alinunua majani ya ng'ombe wa kweli kutoka kwa wanawake waliopanda nayo kutoka tambarare, alimwambia kwamba huyu mwingine anayekula bure amfundishe na kutoa maziwa. Alilisema mbele yangu kwa mzaha, lakini kila alipopita kwenye kile chumba cha giza alipunguza hatua asitikise chupa.

Siku hizi nasikia redioni kwamba vyuo vikuu vya ng'ambo vinafanya jambo hili hili, vinafunga bakteria hai kwenye vyombo vidogo visivyoonekana ili wavisukume. Nikisikia hivyo huacha ninachofanya. Sisemi kwamba yeye alitangulia, maana sijui, na asingependa niseme nisichokijua. Ninachojua ni kwamba jirani yangu alilitaka jambo hilo sana, akiwa na hadubini ya kioo na sumaku ya redio.

Mzigo aliouchagua ulikuwa chembe ya masizi kutoka kwenye dari ya jiko. Aliyachagua masizi kwa sababu sumaku haiyavuti. Yakisogea, yamesukumwa na ng'ombe, hakuna ubishi. Alijaribu miaka na miaka. Aliwaona ng'ombe wakienda na kurudi, akawaona wakijazana kwenye masizi na kuyatikisa, lakini hakuwahi kuona mzigo ukitoka mahali pake ukaenda alikouelekeza. Mara masizi yalikuwa makubwa mno, mara tone lilikauka, mara wingu lilipita.

Halafu yakaja macho. Nilikuwa naye siku ya kusafisha mfongo, wakati kaya zote zinazotumia mfereji mmoja hutoka na majembe kutoa majani na tope. Aliegemea mpini akaniambia, kama mtu anayesimulia habari za jirani, kwamba amekwenda hospitali Moshi na ana presha ya macho. Daktari alikuwa amemweleza vizuri. Ndani ya jicho maji huingia na kutoka, na kwake pale pa kutokea pameziba, kwa hiyo maji yamejaa na yanaua mshipa wa kuonea. Alinionyesha kwa jembe, pale majani yalipokuwa yamezuia maji, jinsi inavyokuwa. Alipewa dawa ya matone ya kuchelewesha, si ya kuponya.

"Ningepata hata wachache wanaojua njia," alisema, "wangeingia wakazibua."

Akaendelea kuchimba. Mimi nilishindwa, nikasingizia mgongo, nikarudi nyumbani kulia.

Jicho la kulia lilifunga mwaka aliostaafu. Shule ilikuwa imepata umeme na hadubini mpya za taa, na kwenye sherehe ya kumuaga walimkabidhi ile ya zamani ya kioo, imefungwa utepe. Watu walipiga makofi. Niliona uchungu, nikasema moyoni wamempa dirisha mtu anayepofuka. Yeye aliibeba kwa mikono miwili hadi nyumbani, akaiweka mezani mbele ya dirisha la mashariki, na kuanzia siku hiyo alikuwa na shabaha moja tu. Kabla jicho la kushoto halijafunga, auone mzigo ukienda na ugeuke sumaku ikigeuka. Hakutaka kuandikwa popote wala kumwonyesha mtu yeyote. Alitaka kuona.

Mwaka uliofuata chupa zake zilikuwa nzuri kuliko wakati wowote. Mnamo Desemba aliniambia ng'ombe wamenona na wamejaa, na kwamba Krismasi ikishapita, nyumba ikitulia na jua la Januari likiwaka, atakaa mezani na hatainuka mpaka ameona.

Kwetu Desemba kila aliye mbali hurudi. Magari hupanda kutoka Dar es Salaam usiku na mchana, nyumba zilizolala mwaka mzima hufunguliwa, mbuzi huchinjwa, watoto hubatizwa. Mkwe wa kike anayejua wajibu wake hufika mapema, akaisugua nyumba ya wakwe hadi ing'ae kabla wageni hawajaingia. Mkwe wa Mwalimu alikuwa mzaliwa wa Morogoro, mwanamke mwema, mchapakazi. Mama mkwe wake alikuwa kanisani akipamba, na baba mkwe alikuwa ameshuka kununua mafuta ya taa. Akaanza na jiko, akafika kwenye chumba cha nyuma, akakuta chupa nzuri kubwa za kioo zimejaa tope linalonuka. Kesho yake kulikuwa na ubatizo, na vyombo vya kutilia mbege havikutosha. Akamwaga tope kwenye mgomba, akazisugua chupa kwa majivu na maji ya moto, akazianika juani kwenye ukuta. Nilizikuta pale, zinameremeta. Nilijua kabla sijaingia.

Mwalimu alipofika aligusa chupa moja moja kwa mkono. Alimuuliza mkwe wake tope amelimwaga wapi, akaonyeshwa mgomba. Aliinama akaweka kiganja kwenye udongo, ambao ulikuwa umeshanyonya kila kitu. Kisha akasema, "Asante kwa kazi, mama." Aliingia ndani, na siku ya ubatizo hakula mtori wala nyama, hakunywa mbege, akakaa kwenye kiti chake akitazama upande wa dirisha kwa lile jicho moja.

Hakuna aliyemwambia yule binti alichofanya hadi nilipomwambia mimi, kwenye mpaka wetu, maana aliniuliza. Alikaa chini pale pale. Aliniuliza kwetu mtu akikosea namna hii anafanyaje. Nikamwambia kwamba haya majani marefu tunayopanda mipakani, masale, si ya mipaka peke yake. Anayekuja kuomba radhi ameshika jani la sale hafukuzwi, na akipokewa jani, jambo limekwisha. Nilimkatia moja kutoka upande wangu.

Mwalimu alilipokea mlangoni. Alilipapasa kutoka shinani hadi nchani, akauliza nani amemfundisha, akaambiwa ni jirani. Akasema limekwisha. Halafu akamwomba ampeleke Kahe.

Walishuka na pikapu ya mume wake, sisi wawili nyuma yao tukiwa tumeshika chupa, mimi na mke wa Mwalimu. Yule binti aliingia mtaroni kwa miguu mitupu, akachota tope kwa mikono yake, huku baba mkwe amesimama ukingoni akimwelekeza: pale, chini zaidi, usilivuruge. Lakini tope haliharakishwi. Lilihitaji wiki nyingi za kutulia gizani, na ng'ombe walipoanza kuonekana, masika yalikuwa yameingia. Mlima ulifunikwa. Aprili yote na Mei yote kioo cha hadubini hakikupata jua la kutosha kuonyesha hata unywele. Mwalimu alikaa mezani kila asubuhi kusubiri, na mimi nikipita naona kichwa chake dirishani. Mawingu yalipofunguka, jicho la kushoto lilikuwa limefunga.

Sikumsikia akimlaumu mtu. Nilimsikia siku moja tu akizungumza peke yake kwa Kichagga kule nyuma, kwenye chumba cha chupa, na sikusimama kusikiliza.

Juni mkwe wake alikuja kumsalimia, na jua likatoka kidogo. Mwalimu aliandaa tone kwa vidole, bila kuona, kwa uzoefu wa miaka. Akamwomba binti achungulie amwambie mzigo unafanyaje. Yule binti alichungulia. "Unakwenda, baba," alisema. "Unakwenda vizuri kabisa." Mwalimu alimshukuru, akafunika hadubini kwa kitambaa. Baadaye aliniambia kwamba sumaku ilikuwa mfukoni mwake muda wote. Hakukasirika. Alisema amedanganywa na mtu anayempenda, na hilo ndilo gumu la kuwa kipofu: kila mtu anakuletea habari njema.

Mara ya mwisho nilipokaa naye ilikuwa Septemba, asubuhi, kahawa yake ikiwa imeanikwa uani, mlima ukiwa wazi hadi kileleni. Alimtuma mke wake aniite. Nilifika, nikamwamkia, "Shikamoo, Mwalimu," akaitika marahaba na kunionyesha kiti cha mezani badala ya kile cha wageni. Hadubini ilikuwa tayari, tone limewekwa, kioo kimeelekezwa kwenye jua kwa kuhisi joto lake kwa kiganja.

Alisema amefikiri sana ni nani kijijini asiyejua kudanganya ili kumfurahisha mtu, akakuta ni mimi peke yangu. Sikujua kama nimesifiwa. Niliketi, nikavua miwani, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu nikachungulia.

Mwanzoni niliona mwanga mtupu. Halafu nikaona kwamba mwanga ule umejaa. Walikuwa vidoa vidogo, wengi ajabu, wakipita kila upande, na katikati yao jiwe jeusi lililokuwa likitetemeka. Nilisahau kuzungumza. Aliniacha kwa muda, kisha akauliza mzigo uko wapi.

"Uko katikati," nilisema. "Haujatoka. Unatetemeka tu."

Alisema nisubiri, nisiondoe jicho. Nilisubiri. Nilisema tena kwamba haujatoka, na roho iliniuma kusema hivyo. Nilisikia kiti chake kikilia, na pumzi yake ikiwa karibu na meza. Sikuona alichokuwa akifanya. Na hapo nikawaona wale wadogo wakikubaliana. Wote waligeukia upande mmoja, na wengi wakalundikana nyuma ya lile jiwe jeusi, na likaondoka.

"Unakwenda," nilisema.

"Wapi?"

"Kulia. Bado unakwenda kulia. Unakwenda, Mwalimu."

Jiwe lilifika karibu na ukingo, likasita. Kisha wale wadogo wakageuka wote, wakalizunguka, wakaanza kulirudisha.

"Umegeuka," nilisema. "Sasa unakuja kushoto."

Sikuweza kusubiri zaidi, nikainua kichwa. Mkono wake wenye sumaku ulikuwa upande wa kulia wa hadubini. Mimi nilikuwa nimesema kushoto. Nilimwambia, kwa sababu aliniita ili nimwambie, kwamba ama nimekosea ama ng'ombe wake wamemkimbia, maana sumaku iko kulia na mzigo umekwenda kushoto, na mwanzo nadhani ilikuwa hivyo hivyo kinyume.

Machozi yalikuwa yakimtoka na alikuwa akicheka. Alisema nimekaa nyuma ya ukuta wake miaka yote ile, nikasikia somo la herufi ya gazeti kila mwaka, na bado sikujifunza. Hadubini inageuza. Sumaku ikiwa kulia, mwenye jicho kwenye lenzi lazima auone mzigo ukienda kushoto.

"Ungeniambia kulia," alisema, "ningejua umeutazama mkono wangu ukanionea huruma."

Alishika ukingo wa meza kwa mikono yote miwili hadi alipotulia. Kisha akaniomba nimpigie simu mkwe wake Dar, nimwambie tope lake limekubali. Nilisema nitafanya hivyo leo hii. Nilitaka kulia pia, lakini mimi nikiguswa ulimi wangu hukimbilia utani, kwa hiyo nikamuuliza lile swali lake, ambalo tangu lile la kanisani hakuna aliyewahi kumrudishia.

"Na wewe, Mwalimu, umeona, au umeambiwa?"

Alilifikiria kama alivyolifikiria kila swali, uso wake ukiwa umeelekea dirishani, kama zamani shuleni alipoinua bilauri.

"Nimeambiwa," alisema. "Inatosha."

Nikarudisha jicho kwenye lenzi, nikaendelea kumwambia, hadi wingu lilipofika juu ya mlima na kioo kikaingia giza.